Kiberiti Juu ya Barua ya Kodi

Nimestaafu mwenyewe. Hakukuwa na sherehe ya mbuzi wala saa ya ukutani, kwa sababu katika kazi yetu mwajiri ni meza na benchi, navyo havijui kutoa hotuba. Umri wangu ni wa arobaini na kitu, macho bado yanaona na vidole bado vinapiga. Ila nimekaa Mpanda muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote, na miguu imeanza kuwasha. Nyie mnaobaki hapo ofisini mliniomba niandike tulivyokuwa tunajibu barua za kodi miaka ile. Nimekubali, ila nitaanzia nilipoanzia mimi. Mwenye haraka aruke mbele.

Nilishuka kwenye treni ya kutoka Tabora mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na cheti cha kidato cha nne, taipureta ndani ya sanduku la mbao, na baiskeli isiyo na kengele. Nilikuwa nimeshapita Urambo kwenye tumbaku, Kaliua kwenye stoo ya ushirika, na Uvinza kwenye chumvi. Kote huko niliondoka kabla watu hawajanizoea. Mpanda nilipanga kukaa msimu mmoja wa mahindi.

Nyuma ya soko kulikuwa na chumba chenye mlango wa kijani, na nje benchi lililokuwa halikosi watu. Ndani alikaa Bi Skola, mama wa Kifipa, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja. Alikuwa karani wa mapato huko Sumbawanga mpaka lilipokuja zoezi la kupunguza wafanyakazi. Alipopunguzwa alihamia Mpanda, akaanza kuwasomea watu barua za ileile kazi aliyotoka. Nilimwomba nafasi ya kuweka taipureta yangu.

"Kabila gani wewe?" aliniuliza, bila kuinua kichwa.

"Mnyamwezi."

"Aa, mpagazi! Sanduku umelibeba kichwani kutoka Tabora au umelipandisha treni kama mtu?"

"Nimepanda treni, Bibi. Nyie Wafipa ndio mnaosafiri kwa ungo."

Alivua miwani, akanitazama vizuri, akacheka mpaka benchi la nje likageuka kuchungulia. Basi huo ndio ulikuwa usaili wangu. Mfipa na Mnyamwezi ni watani, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumbuki siku aliyoniita jina langu. Nilikuwa mpagazi asubuhi, na mpagazi jioni.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye duka la vitenge. Ofisi ya mapato ilimwandikia kumuuliza mauzo yake ya mwaka uliopita. Nilimchapia kurasa mbili. Niliandika afya yake, ukame, watoto wake shuleni, heshima yake kwa serikali, na mwisho nikamwombea mkuu wa ofisi maisha marefu. Bi Skola alisoma akiwa amesimama.

"Mpagazi, hii unamwandikia afisa wa kodi au mchumba?"

"Nimemwomba kwa adabu."

"Kwani amekwambia uombe? Ameuliza mauzo. Mauzo yako wapi humu?"

Hayakuwamo. Aliikunja barua yangu, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na kwa kweli meza ilitulia. Kisha akaniketisha na kunifundisha kitu ambacho nimekitumia mpaka juzi.

Alichukua kiberiti chake. Alikuwa anavuta kidogo, kwa siri ambayo mji mzima uliijua. Akakiweka juu ya barua ya mzee, mahali palipokuwa na tarakimu. "Mtu akiona tarakimu," alisema, "masikio yanaziba. Hasikii tena lingine. Kwa hiyo tarakimu unaifunika kwanza. Unaanza chini: wanataka nini, na mwisho lini. Unapanda juu: ni mwaka gani wanausema. Halafu katikati: wamejuaje. Ukimaliza hayo ndipo unainua kiberiti, na mara nyingi utakuta mtu hatetemeki tena."

Na jambo la pili alilonifundisha ni kwamba makadirio siyo hukumu. Mtu hakupeleka hesabu, ofisi haina la kufanya, inakisia. "Ni kama jirani aliyeona moshi kwako akasema mnapika wali," alisema Bi Skola. "Kama ni ugali, fungua mlango uonyeshe sufuria. Usikae ndani ukamnunia." Kuonyesha sufuria kulikuwa ni kuleta risiti, barua ya mtendaji wa kijiji, leseni, chochote ambacho mtu mwingine anaweza kukishika mkononi. Machozi hayaambatanishwi.

Watu wa kwetu waliiogopa barua yenye muhuri kuliko simba, na simba wapo. Muuza samaki mmoja wa Sitalike alituletea barua aliyoiviringisha kwenye nailoni mara nyingi hata tukahitaji mkasi. Alikuwa ameshauza mbuzi kabla hajauliza imeandikwa nini. Ilikuwa imeandikwa kwamba ofisi imebadilisha sanduku la posta. Mwingine, mkulima wa Litapunga mwenye kigari cha kukodisha, aliitwa aende kueleza leseni yake, naye akaja na majirani wanane wa kumshuhudia kwamba ni mtu mwema. Bi Skola aliwapa wote maji ya kunywa, akawaambia wema wa mtu haukaguliwi na ofisi ile.

Kwa kuwa siwezi kukaa, ilikuwa ni mimi niliyekwenda minadani. Siku za mnada nilifunga taipureta kwenye baiskeli, au nikapanda lori la magunia, nikaenda kukaa kati ya wauza kamba na wauza chumvi. Barabara ya Kibaoni inapita katikati ya mbuga, na ukishavuka Sitalike mbung'o wanakupokea kama ndugu wenye njaa. Nilijifunza kuvaa koti la mvua wakati wa jua. Utepe wa taipureta ulipokauka niliupaka mafuta ya alizeti, herufi zikatoka na harufu ya maandazi. Karatasi ya kaboni niliitumia mpaka inapitisha mwanga. Lakini nakala haikukosekana. Bi Skola alikuwa na neno lake juu ya hilo: barua isiyo na nakala ni maneno uliyomwambia mto.

Sasa nifike Kibaoni, kwa Nkwabi, kwa sababu ndiyo kesi mliyoisikia nusunusu na kila mtu anaieleza anavyotaka.

Nkwabi alikuwa Msukuma aliyeshuka na ng'ombe kutoka kaskazini miaka mingi kabla yangu. Baadaye aliuza sehemu ya ng'ombe akanunua mashine ya kusaga, ya dizeli, ya kuzungusha kwa hendeli. Mkewe, Mama Kulwa, ndiye aliyeiendesha. Nkwabi alikaa nje kwenye kigoda, kofia yake ya majani kichwani, akipokea ndoo na salamu. Alifariki mwisho wa masika, na mimi nilikuwa Karema wakati huo, sikuzika.

Nilipofika mnadani Kibaoni kiangazi kile, Mama Kulwa alikuja akakaa mbele yangu kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na vumbi la unga kwenye nyusi.

"Mwangaluka, mtani."

"Mwangaluka, mama. Pole na msiba."

"Asante. Mtani, kuna barua ya kodi. Nataka ujibu."

"Ilete nisome."

"Haijafunguliwa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Barua ilikuja kwa jina la Nkwabi wakati Nkwabi yuko kaburini. Shija, mdogo wake marehemu, aliitazama bahasha, akasema barua ya mtu haifunguliwi na mwingine mpaka ndugu wafike kutoka kaskazini baada ya mavuno, msiba umalizwe, na mrithi atajwe. Hapo ndipo mwenye jina atakapofungua. Akaitundika kwenye msumari ndani ya banda la mashine. Mama Kulwa alijua kwamba akiifungua yeye, itasemwa mjane ameshajirithisha. Shija naye hakuthubutu, kwa sababu ingesemwa mdogo mtu ana haraka na mali ya kaka. Kwa hiyo walikuwa wanaichunga wote wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake asiiguse.

"Na ofisi?" niliuliza.

"Mtendaji amenong'ona kwamba wasiojibu wanafungiwa mashine. Shemeji naye anasema kama serikali inaifuata, bora aing'oe aipeleke kwake bomani kwa ng'ombe, huko hawafiki." Alisugua nyusi. "Ikienda bomani, mtani, hairudi. Na mimi pia nitakuwa nimeng'olewa."

Hapo nikaelewa kinachodaiwa kwa kweli. Kodi inapangiwa malipo. Lakini mashine ikishang'olewa sakafuni na kupelekwa bomani kwa mtu, hakuna ofisi duniani yenye fomu ya kuirudisha.

Nilirudi Mpanda nikamweleza Bi Skola, nikamwomba twende wote, yeye ndiye mwenye sauti. Alikataa.

"Mimi nikiifungua, ni ofisi imeifungua. Watanichukia, na watakuwa na haki. Wewe Wasukuma ni nani wako?"

"Watani."

"Ulizika?"

"Sikuzika."

"Kwa hiyo una deni la kulia msibani na una ruhusa ya kufanya upumbavu. Mtu mwingine hana vyote viwili. Nenda kavitumie." Akavuta droo, akatoa kiberiti chake, akakirusha kwangu. "Na usisahau kufunika tarakimu, hata ukiwa mpumbavu."

Kwa wasiojua, mtani msibani siyo mgeni. Anaweza kulala kaburini akadai soda ndipo atoke. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Analosema haliwekewi kinyongo, na anachokishika hasemwi kwamba ameiba. Wanyamwezi na Wasukuma tumefanyiana hivyo tangu zamani, na ni katika mambo machache tuliyoyafanya bila kukatiwa risiti.

Nilifika Kibaoni asubuhi, watu wakiwa na ndoo zao kwenye foleni. Shija alikuwepo, mrefu, fimbo begani, na vijana wawili wenye spana ambao sikupenda kuwaona. Niliegemeza baiskeli, nikajitupa chini pale mlangoni.

"Nkwabi! Mtumwa wangu! Nani alikupa ruhusa ya kufa bila kuniaga?"

Foleni ilishtuka, kisha ikaelewa. Mwanamke mmoja alianza kucheka.

"Umechelewa, Mnyamwezi!" Shija alisema. "Tulikungoja uchimbe kaburi, maana kazi nyingine hamjui."

"Nilikuwa nabeba mizigo ya babu yako! Kigoda changu kiko wapi? Kofia yangu iko wapi?"

Mama Kulwa alinitazama, akaingia ndani, akatoka na kigoda na kofia ya majani. Nilivaa kofia, nikakaa, nikatanua miguu kama alivyokuwa akikaa mwenyewe, nikapokea ndoo ya aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni na kumuuliza habari za ng'ombe wake, kwa sauti ya kukwaruza. Bibi mmoja alisema, "Yesu wangu, ndiye!" akajifuta macho kwa kanga.

Kisha nikainua macho kwenye msumari.

"Kile nini? Barua yangu mmeitundika kama nyama ya kukausha?"

Shija aliishusha fimbo kutoka begani.

"Hiyo ya marehemu," alisema taratibu.

"Na mimi ni nani, we mchunga mbuzi? Nimekuja kuisoma. Au mnataka nirudi kila siku?"

Mtu alicheka nyuma. Mimi nilikuwa najua kwamba kama Shija atasema hapana, utani utaishia pale na sitakuwa na la kufanya. Ndipo akasema, "Haya ishushe, mwizi wewe. Ukishamaliza ulipe kofia."

Nilipuliza unga, nikafungua. Niliweka kiberiti juu ya tarakimu, nikaanza chini. Nikasoma kwa sauti ya Nkwabi. Serikali inasema: Nkwabi, hukuleta hesabu, basi tumekisia kwamba mashine yako ilisaga mwaka mzima. Kama siyo hivyo, tuandikie, utuambie sababu. Siku za kuandika zilikuwa zimepita, lakini kulikuwa na mstari mdogo kwamba mwenye sababu ya kuchelewa aitaje.

"Haya, nyie wateja wangu," nilisema, "ni kweli nilisaga mwaka mzima?"

"Uongo!" Foleni yote. "Injini ilikufa masika yote! Tulisaga kwa kinu!"

"Mikono yangu hii hapa," bibi yule alisema, akionyesha viganja.

"Nani aliipeleka injini kutengenezwa?"

"Mimi," alisema Shija. "Niliipeleka Sumbawanga kwa lori. Nikalala juu yake siku mbili, kaka yangu anaumwa." Na sauti yake ilibadilika hapo, haikuwa ya utani. "Risiti za fundi ninazo. Za lori pia."

"Ulizitunza za nini?"

"Nilitaka kumwonyesha akipona."

Nilivua kofia. Nilihisi kazi ya kofia imekwisha. Nikaweka taipureta juu ya gunia la pumba, nikachapa pale pale, foleni ikisikiliza herufi zikigonga. Barua ilikuwa fupi. Iliwajulisha kwamba mwenye leseni amefariki. Ilieleza kwamba bahasha haikufunguliwa kwa sababu ya msiba, na hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa. Ilisema injini haikufanya kazi masika yote, risiti za fundi na za lori zimeambatanishwa, na mtendaji wa kijiji anathibitisha kifo.

Tatizo lilikuwa sahihi. Niliona Mama Kulwa na Shija wakitazama ile nafasi tupu mwisho wa karatasi, na vijana wa spana wakiwatazama wao. Nikakumbuka Bi Skola, aliyekuwa akisema anayejibu ni anayejua kilichotokea, wala ofisi haimuulizi kama atarithi. Nikachapa upande mmoja: *Ninayeendesha mashine kwa sasa.* Upande mwingine: *Niliyeipeleka injini kutengenezwa.* Nikawasomea. Shija alirudia maneno yake taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hiyo haisemi mimi ni mrithi," alisema.

"Haisemi."

"Wala shemeji haisemi."

"Inasema anaendesha. Kwani haendeshi?"

Alimtazama Mama Kulwa, unga mpaka kwenye viwiko. Akachukua kalamu. Mama Kulwa aliweka dole gumba. Vijana wa spana wakaenda zao kunywa chai, na mmoja alisaga debe lake kabla ya kuondoka.

Tuliituma kwa rejista kutoka posta ya Mpanda. Nakala nikampa Mama Kulwa, nyingine ikaingia kwenye sanduku la Bi Skola. Halafu tukangoja, ambalo ndilo gumu katika kazi yetu na hakuna awezaye kukufundisha. Ndugu wa kaskazini walifika baada ya mavuno, msiba ukamalizwa. Nilisikia walibishana siku nzima juu ya ng'ombe. Mashine haikuwahi kubishaniwa, kwa kuwa kila aliyefika aliikuta inasaga.

Majibu yalikuja mvua zilipoanza. Nilikuwa mnadani Kibaoni nilipowaona wanakuja, Mama Kulwa mbele na Shija nyuma, wamebeba bahasha moja. Mama Kulwa alikaa kwenye ndoo ileile. Nilinyoosha mkono, hakunipa. Aliichana mwenyewe kwa kucha, akaifungua mapajani, akatoa kiberiti chake kwenye pindo la kanga, akakiweka juu ya tarakimu bila kuitazama.

"Soma, mtani," alisema. "Anza chini."

Nilianza chini. Walitaka kiasi kilichobaki kilipwe kidogo kidogo mpaka mwaka unaofuata. Nikapanda. Walikuwa wamepokea taarifa ya kifo. Nikaingia katikati: risiti zimekubaliwa, masika yote yameondolewa. Shija alipumua kwa nguvu puani, kama ng'ombe aliyefikishwa majini.

Mama Kulwa aliinua kiberiti. Aliitazama tarakimu muda wa kutosha, midomo ikitembea.

"Hii tunaiweza," alisema. Akasimama, akakung'uta kanga. "Shemeji, njoo unizungushie hendeli, mkono unaniuma leo."

Wakaondoka. Baada ya muda nikasikia injini ikikohoa ng'ambo ya mnada, ikakohoa tena, ikashika.

Bi Skola amesharudi kwao Ufipa, na mimi naondoka na treni ya wiki hii, au ya wiki ijayo kama itachelewa kama kawaida yake. Taipureta ni yenu. Ule mguu wa meza msiuguse, barua yangu ya kwanza bado iko pale na inafanya kazi nzuri kuliko ingefanya huko ilikokuwa inakwenda. Na kwenye droo ya juu mtakuta kiberiti. Njiti ziliisha siku nyingi. Msije mkakitupa.